Kicheko Kilichokatwa

Asubuhi za Getruda zilianza kwa matusi. Usishtuke, msomaji, yalikuwa matusi ya heshima kabisa, na mtaa mzima wa Kanyenye uliyazoea. Getruda aliyasikia tangu akibebwa mgongoni, na sasa alikuwa darasa la sita, bado anayasikia kila siku anapokwenda na bibi yake kununua uji na vitumbua.

Bibi yake, Bibi Minza, alitangulia na chombo cha uji chenye mfuniko, Getruda nyuma na sare yake ya shule, wakavuka barabara hadi kwenye kibanda cha Bi Mwanahawa. Huyu Bi Mwanahawa alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na ndoa, kwa kuwa marehemu mumewe alifanya kazi reli. Bibi Minza naye alikuwa Mnyamwezi wa hapo hapo, ambaye babu wa babu yake alijitwisha mizigo ya misafara akaenda nayo kwa miguu mpaka pwani. Na tangu zama hizo za misafara, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, hata kukuchekesha msibani. Wewe huna ruhusa ya kukasirika, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Mzaramo, hujafa tu?" Bibi Minza alianza asubuhi hiyo kama kawaida.

"Nife, nani atakulisha? Wewe uliyezoea kula umesimama, mzigo kichwani."

"Afadhali sisi tuliobeba. Ninyi mlikaa pwani mnapiga ngoma, tukifika mnatuuliza tumewaletea nini."

"Na mlileta nini zaidi ya njaa?" Bi Mwanahawa alijibu, huku akimpimia uji. Alipomaliza kupima alimwongezea upawa mwingine juu yake, bure, kama alivyofanya siku zote. Wateja waliokaa kwenye benchi walicheka, wakaendelea kula.

Basi, huko shuleni mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Nestory, alikuwa ameanzisha Klabu ya Kusikiliza. Kila Ijumaa baada ya masomo mwanafunzi mmoja alisimama na kupendekeza podikasti anayoipenda, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu hukifungua kwenye simu wakati anaotaka, bila kusubiri saa ya redio. Mwalimu alikitafuta kwenye simu yake, akaiunganisha na spika, darasa likasikiliza, kisha wakajadiliana kama kipindi kinafaa au ni kelele tupu.

Jenifa aliwaletea "Daktari wa Mezani". Siku hiyo ilizungumzia minyoo, na nusu ya darasa walikwenda nyumbani bila hamu ya kula. Masolwa, ambaye wazazi wake walihamia mjini kutoka Ziba, aliwaletea "Zizi Letu", nao wakakaa wanasikiliza namna ya kumwogesha ng'ombe mwenye kupe. Walimcheka wiki nzima, wakamwita Bwana Kupe. Masolwa hakujali.

"Mtangazaji wa 'Zizi Letu' akimuuliza mfugaji swali, anamsubiri amalize," aliwaambia. "Hata kama mfugaji ana kigugumizi, anamsubiri. Ndiyo maana naipenda."

Getruda yeye alikuwa mtu wa "Moto Chini". Hiyo ilitengenezwa na vijana wawili wa Dar es Salaam, na wakati ule hapakuwa na podikasti iliyotajwa zaidi mjini. Kila kipindi kilianza kwa sentensi moja ya moto ya mtu fulani, kisha ngoma ikalia, ndu, kabla hujajua mtu huyo alikuwa anasema nini hasa. Ungependa kujua, basi unasikiliza mpaka mwisho. Mara nyingi ukifika mwisho unagundua jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini muda huo umeshasikiliza.

Bibi Minza alikuwa na simu nzuri aliyotumiwa na mwanawe wa Dodoma, Yustina, mama yake Getruda. Bibi naye alikuwa na podikasti yake, "Njia ya Msafara". Mstaafu mmoja alisimulia humo njia ya zamani ya misafara, kituo baada ya kituo, kutoka pwani kupita Ugogo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Jioni Bibi aliweka simu juu ya kinu, akabambua karanga huku akisikiliza, na mara kwa mara akamjibu msimulizi kana kwamba amekaa naye ukumbini.

"Bibi, huyu mzee anaongea polepole mno," Getruda alilalamika.

"Ana haraka ya kwenda wapi? Msafara wenyewe ulitembea."

Ijumaa moja Mwalimu Nestory alisema, "Tumesikiliza vya kutosha. Sasa tutengeneze vipindi vyetu. Kila mmoja amrekodi mtu wa mtaani kwake, kwa simu ya mzazi au mlezi, kisha anitumie. Nitaviweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na kitakachopendwa zaidi tutakifungua kwenye kikao cha wazazi."

Darasa likaanza kunong'ona. Mwalimu akagonga meza kwa chaki.

"Sharti ni moja tu. Kabla hujanitumia, uliyemrekodi asikilize kazi yote, mwanzo mpaka mwisho, na akubali. Asipokubali, haitumwi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu," waliitikia, na sauti ya Getruda ilikuwa juu kuliko zote.

Kikao hicho cha wazazi kilikuwa na jambo jingine kubwa. Wazazi walikuwa wamekubaliana wanafunzi wanywe uji wakati wa mapumziko, na siku hiyo wangechagua mpishi. Bi Mwanahawa aliiomba kazi hiyo, na aliitaka kwa moyo wote. Miaka mingi alikuwa akipika kando ya barabara, jua likiwaka analo, mvua ikinyesha anayo, kibanda chake kikivuja kila upande.

"Nikiipata kazi ile, Getruda, nitapika jikoni kwenye bati na ukuta," alimwambia. "Mvua itanyesha, mimi nitaisikiliza tu."

Hapakuwa na mtu mtaani aliyedhani angekosa.

Getruda hakuhangaika kutafuta mtu wa kumrekodi. Asubuhi iliyofuata aliwaomba wote wawili ruhusa ya kuwarekodi, wakakubali kwa furaha, akabonyeza simu ya Bibi na kuiweka kwenye benchi la kibanda. Watani walipoona wanarekodiwa, wakazidisha.

"Nawaambia ninyi mnaokula hapa," Bibi Minza alisema kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo, "msile vitumbua vya mama huyu. Juzi nimemwona kwa macho yangu anachota maji ya mtaroni, anakorogea unga."

"Na ndoo niliazima kwako, Mnyamwezi," Bi Mwanahawa alijibu. "Ile unayoogea."

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Masolwa, aliyekuwa amesimama kwenye foleni, alipaliwa na kitumbua mpaka akapigwa mgongoni. Bibi Minza alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Lakini tuseme kweli," aliendelea alipopata pumzi. "Nimekula hapa tangu Getruda hajazaliwa, tumbo halijaniuma hata siku moja. Mzaramo huyu anachemsha maji mpaka maji yanaomba msamaha."

Kisha Bi Mwanahawa akasimulia habari zake: alivyofika Tabora kwa treni akiwa bibi harusi, alivyofiwa, alivyoanza kupika. Rekodi ikawa ndefu na nzuri.

Alasiri Getruda alikaa chumbani na simu. Urefu ule ulimkera. Akaisikiliza mara ya kwanza, akaisikiliza mara ya pili, na kichwani mwake ikawa inalia ngoma ya "Moto Chini". Akajua la kufanya. Akachukua yale maneno ya maji ya mtaroni, akayaweka mwanzo kabisa. Jibu la ndoo akalikata. Kicheko akakikata. Maneno ya maji kuomba msamaha nayo akayakata, kwa sababu yalipooza moto. Akaweka mlio wa ngoma, kisha kipande kifupi cha Bi Mwanahawa akisema kwamba amepika miaka mingi, na mwisho akajirekodi mwenyewe kwa sauti nzito: "Je, wewe unajua unachokula?"

Alipoisikiliza, mwili ulimsisimka. Ilikuwa kama ya Dar es Salaam kabisa.

Likabaki lile sharti. Bibi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya kanisani, lakini angerudi. Bi Mwanahawa alikuwa ng'ambo ya barabara tu, anasugua masufuria yake, Getruda alimwona dirishani. Kuvuka barabara ni kazi gani? Lakini alijua fika kwamba wakisikiliza watasema arudishe kicheko, na yeye hakutaka kukirudisha. Akatuma. Muda si mrefu Mwalimu Nestory akaandika kuuliza: "Wenyewe wameisikiliza?"

"Ndiyo Mwalimu, wameipenda," Getruda akajibu. Vidole vyake havikusita, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye.

Sasa, huo ulikuwa msimu wa mvua, na wiki ile ile gari la afya lilikuwa likizunguka mjini na kipaza sauti likiwahimiza watu wachemshe maji ya kunywa, kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara. Watu walikuwa na hofu tayari. Rekodi ya Getruda ilipoingia kwenye kundi la wazazi, haikukaa humo. Iliruka kwenye kundi la kwaya, ikaruka kwenye kundi la wauza nguo, ikafika kwa watu ambao hawajawahi hata kupita Kanyenye. Na wengi hawakufika mbali na ile sentensi ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata benchi la Bi Mwanahawa lilikuwa tupu. Walikuja wazee wawili watatu wa zamani wanaowajua watani wale, wakacheka, wakala. Lakini wapangaji wapya na watumishi waliohamia karibuni walipita upande wa pili wa barabara, wakiwashika watoto wao mikono. Vitumbua vilipoa kwenye sinia.

Bibi Minza alijaribu kurekebisha. Alimsimamisha mama mmoja aliyezoea kununua pale kila siku.

"Mwanangu, yale yalikuwa utani. Yule ni mtani wangu."

"Bibi, sauti ni yako," yule mama alijibu kwa upole. "Na kama ni utani, mbona hakuna aliyecheka?"

Bibi Minza alirudi nyumbani, akamwita Getruda. "Mjukuu wangu, tulicheka siku ile. Kicheko kimekwenda wapi?"

Getruda alijibu haraka. "Simu ilijaa, Bibi. Ilikata yenyewe."

Bibi aliitazama simu kwa masikitiko, akaamini. Mambo ya simu aliyaamini yote anayoambiwa na Getruda, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Lililomvunja Getruda moyo zaidi halikuwa benchi tupu. Ilikuwa ni keshoye, walipokwenda kununua uji. Bibi alifika kibandani, akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua tena aseme nini kisichoweza kumdhuru mwenzake. Bi Mwanahawa naye akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Yustina," alisema.

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri tu."

Getruda alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu azaliwe hajawahi kuwasikia watu hao wawili wakisalimiana kwa adabu. Bi Mwanahawa alipima uji sawasawa na kipimo, akafunika chombo, akawakabidhi. Uji mwingi uliobaki siku hiyo alimpa jirani awape kuku.

"Kikao cha Jumamosi sitakwenda," alisema kabla hawajaondoka. "Nitakwenda kusemwa nini? Wampe kazi mwingine."

Shuleni, Masolwa alimfuata Getruda kwenye bomba la maji. "Nilikuwepo siku ile. Karibu nife na kitumbua. Mbona kwenye kipindi chako hakuna kicheko?"

"Simu ilijaa."

"Kama ilijaa pale, yale maneno ya Bi Mwanahawa ya kupika miaka mingi, yaliyomo kwenye kipindi, yalirekodiwa na nani? Aliyasema baada ya kicheko."

Getruda alijifanya anaosha mikono ambayo ilikwisha kuwa safi, akaiosha tena.

Jioni ya Ijumaa Bibi Minza aliketi na ungo wake wa karanga, simu juu ya kinu kama kawaida. Sauti ya yule mstaafu ikaanza taratibu, ikieleza wapagazi walivyokaribia Kwihara, jirani na Tabora, wakavaa nguo zao nzuri kabla ya kuingia mjini. Getruda alisubiri bibi yake amjibu msimulizi, kama alivyozoea. Badala yake Bibi alinyoosha mkono, akaizima.

"Bibi, si unaipenda hiyo?"

"Niliipenda. Siku hizi nikimsikia mtu anaongea humu ndani, najiuliza wamemkata wapi." Akaendelea kubambua karanga. "Labda naye alicheka, nani ajuaye."

Getruda alisimama pale na mkono kwenye mwimo wa mlango. Kwamba Bi Mwanahawa amekosa wateja alikuwa amelisikia na kulibeba kimyakimya siku zote hizo. Lakini kumwona bibi yake akizima kitu alichokipenda, kwa sababu yake yeye, hilo hakuliweza. Akaanza kulia, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Simu haikujaa, Bibi. Ni mimi niliyekata. Kicheko kipo, chote kipo humo. Nilitaka ifanane na 'Moto Chini'. Na nilimdanganya Mwalimu kwamba mmeisikiliza."

Bibi Minza aliweka ungo chini.

"Umenidanganya machoni pangu nami nikakuamini," Bibi alisema. "Tutalizungumza hilo, mimi na wewe na mama yako. Lakini aliyeumia zaidi si mimi. Vaa ndala zako, tuvuke barabara."

Walimkuta Bi Mwanahawa anafunga kibanda. Getruda alipiga magoti, akasema yote tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu hakuwa analia. Kisha akabonyeza simu, na rekodi nzima ikaanza, na ndoo ya kuogea, na kicheko, na Masolwa anapaliwa, na maji yanayoomba msamaha. Bi Mwanahawa alisikiliza mpaka ikakoma. Pembe ya mdomo wake ilitikisika mara moja, lakini hakucheka.

"Kumbe kulikuwa na hii," alisema. "Watu wangesikia hii, benchi langu lingejaa mpaka barabarani." Akamtazama Getruda. "Kesho kwenye kikao nitakuja. Na wewe utasema ulichofanya kwa mdomo wako mwenyewe. Si bibi yako akusemee, si Mwalimu. Uliwaambia watu nusu, utawaambia na nusu iliyobaki."

Getruda hakula vizuri usiku huo, wala kifungua kinywa. Asubuhi ya Jumamosi alimwahi Mwalimu Nestory kabla wazazi hawajafika, akamweleza. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilishtuka nilipoisikia ile sentensi," alisema. "Nikajiambia, wenyewe wameisikiliza, wamekubali, mimi ni nani? Nilikuamini wewe kuliko masikio yangu. Na mimi ningeweza kumpigia simu bibi yako. Sikumpigia. Haya, leo tutasimama wote."

Wazazi walijaa kwenye darasa la saba, wengine madirishani. Bi Mwanahawa alikaa nyuma kabisa, na viti vya pande zake zote mbili vilibaki wazi. Mwenyekiti wa kamati alipofika kwenye suala la uji, Mwalimu Nestory aliomba nafasi, akamwita Getruda mbele.

Getruda alimtafuta Bibi kwa macho, akampata.

"Shikamooni," alisema. "Ile rekodi ya vitumbua niliitengeneza mimi. Bibi yangu na Bi Mwanahawa ni watani. Yale maneno yalikuwa utani, na Bi Mwanahawa alimjibu, na watu wakacheka, nami nikavikata vyote ili kipindi kiwe cha moto. Nikamwambia Mwalimu wenyewe wameisikiliza. Haikuwa kweli. Naomba mnisamehe, na naomba msikilize yote."

Mwalimu akafungua spika. Lilipokuja tangazo la maji ya mtaroni, darasa lilikuwa kimya, watu wamekunja nyuso. Ilipokuja ndoo ya kuogea, mzee mmoja mlangoni aliguna. Halafu kicheko cha benchi kikajaa darasani kutoka kwenye spika, na Masolwa akapaliwa mbele ya kikao kizima, na kabla hajapigwa mgongoni wazazi wenyewe walikuwa wameshaanza kucheka. Maji yalipoomba msamaha, mwenyekiti aliweka kalamu chini akacheka mpaka mabega yakatetemeka. Getruda aliona watu wakigeuka nyuma kumtazama Bi Mwanahawa, na nyuso zao zilikuwa zimebadilika.

Mama yake Jenifa akanyoosha mkono. "Tumecheka, na pole sana Bi Mwanahawa. Lakini hawa ni watoto wetu watakaokunywa uji, na ugonjwa upo. Hayo maji anayachemsha kweli?"

Bi Mwanahawa alisimama. "Swali zuri. Kibanda si mbali. Njooni mwone, msimwulize Mnyamwezi."

Wakacheka tena, na kamati ikaenda. Walikuta pipa lenye mfuniko, kitambaa cheupe cha kuchujia, sufuria kubwa ya maji yaliyochemshwa ikipoa chini ya kawa, na sabuni kando ya ndoo ya kunawia. Waliporudi hawakujadili sana. Mwenyekiti alitangaza kwamba mpishi wa uji wa shule ni Bi Mwanahawa, na makofi yakapigwa. Mwalimu Nestory aliituma rekodi nzima kwenye kundi la wazazi hapo hapo, na kuomba kila aliyeisambaza ile fupi aisambaze na hii.

Nje, Bibi Minza alimsogelea Bi Mwanahawa taratibu, mikono ameifumbata, hana hakika aanzie wapi. Bi Mwanahawa alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni.

"Mnyamwezi, mbona umesimama hivyo kama unangoja kutwishwa?"

Bibi Minza alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Mzaramo. Nilidhani umekufa."

Wakashikana mikono na kucheka, na Getruda akajikuta anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mambo ambayo hakujua yanawezekana.

"Wewe usicheke, una faini," Bi Mwanahawa alimgeukia. "Mtani akikosewa hutoza. Jogoo wa bibi yako nitakuja kumchukua leo, na hakuna wa kunizuia. Wewe utakuja kila Jumamosi kusugua masufuria, mpaka nitakaposema basi." Kisha sauti yake ikawa ya chini. "Na ukumbuke hili, mwanangu. Ukichukua maneno ya mtu, yachukue pamoja na kicheko chake. Sentensi yako ilikuwa ya kweli, bibi yako aliisema. Lakini kweli uliyoikata mwenyewe ili iwapendeze watu, hiyo inageuka uongo, na uongo huo unamla mtu ambaye hata hakuwepo ulipokuwa unakata. Kipindi cha kusikilizwa na wengi utakitengeneza tena. Jina la mtu likichafuka, mara nyingi halisafishiki kama langu leo. Tumebahatika, mimi na wewe."

"Nimekuelewa, Bi Mwanahawa," Getruda alisema, na kweli alikuwa ameelewa. Jogoo alichukuliwa jioni hiyo hiyo kwa vifijo, Bibi Minza akimfukuza mwizi wake mpaka katikati ya barabara huku akicheka.

Uji wa shule ulianza baada ya muda mfupi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, ikapiga bati la jiko, na Bi Mwanahawa alikoroga akiisikiliza tu. Wanafunzi walipanga foleni na vikombe vyao. Mbele ya Getruda alisimama mtoto mgeni wa darasa la tatu, aliyehamia karibuni kutoka Nzega. Mara Bibi Minza akatokea mlangoni na mwavuli wake.

"Watoto, nawaonya," alitangaza. "Mama huyu nimemwona anakinga maji ya mtaroni."

Yule mgeni alikodoa macho. Alikitazama kikombe chake, akakiweka chini taratibu na kuanza kutoka kwenye foleni. Getruda akamshika bega.

"Ngoja kwanza," alimwambia. "Sikiliza mpaka mwisho."